Breki Inapolia, Usiizibe Mdomo



Aliyepita Bogoro, karibu kilometa 25 kusini ya Bunia, aijua njia iteremkayo mpaka Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa Albert. Mji wa Bunia upo meta zaidi ya 1,200 juu ya bahari. Ziwa lipo karibu meta 620 tu. Basi kila motokari iendayo kuchukua samaki hushuka mlima mrefu, na uhai wa waliomo hutegemea breki, au freni kama wengi wetu tunavyosema.

Siku moja tulipanda gari dogo pale Bogoro. Kila dereva alipokanyaga breki, gurudumu moja la mbele lilipiga yowe. Abiria wakacheka. Dereva akaona haya, akasimama, akatwaa kopo la mafuta ya injini ili ayamimine penye breki. Tukamshika mkono.

“Mwalimu,” akasema, “makelele haya yanifukuzia abiria.”

“Bwana,” tukamjibu, “afadhali wakukimbie hapa juu kuliko kufa nawe huko chini.”

Maana breki hufanya kazi kwa kusuguana: vibao hubana sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Mafuta huondoa msuguano huo. Kibao kilichokunywa mafuta hakifai tena, ila kutupwa.

Yafaa basi tujue kutofautisha vilio. Breki ikilia asubuhi baada ya mvua, kisha ikanyamaza ukiisha kuikanyaga mara chache, ni kutu nyembamba tu. Huo si ugonjwa. Mlio mwembamba usiokoma ni jambo jingine. Katika magari mengi kibao kina kiulimi cha chuma. Kibao kikibaki na unene wa milimeta 3 hivi, kiulimi hugusa sahani na kulia. Dawa yake ni vibao vipya, tena kwa magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma. Ukibadili upande mmoja tu, gari litavutwa kando unapofunga breki.

Pengine vibao vingali vinene, walakini vimeng’aa kama kioo kwa joto la mteremko. Fundi huvisugua kwa msasa. Vikiwa na nyufa, huvitupa. Pengine tena vyatikisika mahali pake. Hapo husafisha makalio yake na kupaka mgongoni, wala si usoni, grisi kidogo istahimiliyo moto. Kwenye breki za ngoma, vumbi lijazalo ndani hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kulipuliza kwa mdomo ni hatari, kwani vibao vingi vya zamani vilikuwa na asibesto, iletayo magonjwa ya mapafu.

Lakini ukisikia chuma kikisaga chuma, simama papo hapo. Kibao kimekwisha, na sahani yaliwa.

Hata breki nzima yaweza kushindwa ikichokozwa bure. Shukeni mlima kwa gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari, wala msiuache mguu juu ya breki njia nzima. Joto likizidi, mafuta ya breki huchemka. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya unyevu, kipimo chake hushuka hata 140. Yakichemka hufanya mvuke, nao mguu huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Ndiyo sababu wengi huyabadili kila miaka miwili.

Na yule dereva? Alilifungua gurudumu. Kibao cha nje kilikuwa kinene bado. Cha ndani kilibaki chembamba kama ganda. Tulilala Bogoro mpaka vibao vipya vilipoletwa kutoka Bunia. Abiria walinung’unika sana usiku ule. Kesho yake tulishuka polepole kwa gia ya pili, bila kusikia yowe, tukafika Kasenyi sote wazima.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba hayo ni ya madereva peke yao. Mkisikia breki ikilia, mwambieni dereva kwa adabu, hata kama wakubwa wanacheka. Dalili ya mvua ni mawingu.