Ati "Inaingia Tu"? Wacheni Kutudanganya na Adapta

Niseme mapema ndio mnitusi vizuri: msee yeyote anayeposti klipu ya "lenzi yoyote ya kitambo, kamera yoyote ya filamu, nunua tu adapta" anawakosea. Na kabla muulize mimi ni nani, mimi pia niliwahi kuposti hiyo klipu. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Nimeitoa, na leo nawaambia kwa nini.

Shosho alipofikisha miaka 80, ukoo wote ulijaa kwake. Mimi ndio mtoto wa kamera, yule aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo siku nilikuwa na deni la kuonyesha watu kwamba siko hapa kucheza. Nilibeba Pentax K1000 yangu. Mbele nikafunga lenzi ya mjomba, 50mm f/1.8 ya kufunga na hesi, hizi tunaita M42. Katikati, pete ya adapta. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Inaingia tu, bro." Na kweli, iliingia.

Betri ya kipimo cha mwanga ilikuwa imekufa, lakini jua lilikuwa linachoma, na kanuni ya jua kali kila mtu wa filamu anaijua: weka f/16, kasi ya shata iwe karibu na namba ya filamu. Filamu ISO 200, shata 1/250. Nikapanga watu mistari mitatu, nikapiga roli nzima nikijiamini kabisa.

Picha zilirudi zimefifia kama zimeoshwa na Jik. Shosho mbele ako sawa kidogo. Mstari wa nyuma wote ni ukungu. Huko nyuma ndiko dadake shosho alikuwa amesimama. Miezi minne baadaye tukamzika. Familia ikaniuliza, si ulipiga picha? Leta hiyo ya siku ya shosho. Sikuwa na la kuleta.

Sasa skiza kilichofanyika, maana hakuna klipu iliniambia. Lenzi nyingi za M42 zina kapini kadogo nyuma. Kwa kamera yake ya asili, ukibonyeza shata, kamera inasukuma hako kapini na lenzi inafunga tundu mpaka namba uliyochagua. K1000 haina kitu cha kukasukuma. Baadhi ya lenzi zina swichi ya A na M kwa ubavu. Ukiweka M, tundu linajifunga bila kusukumwa na maisha yanaendelea. Ile ya mjomba haina swichi. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimeandika f/16, lenzi ikabaki wazi f/1.8. Hiyo ni zaidi ya mara 60 ya mwanga niliotaka. Na ikiwa wazi hivyo, inashika sura ya mstari mmoja tu. Hao wengine wote wanapotea.

Adapta haikuwa feki. Kamera haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Angalia kama lenzi yako ina swichi." Hiyo tu.

Najua kuna mbogi ingine imeshaanza kufurahi. Wale wa "si tuliwaambia, nunua lenzi ya kampuni ya kamera yako, adapta ni za watu hawana doh." Tulieni, hata nyinyi hamko sawa. Leica walipotoa M3 mwaka 1954, walibadilisha mdomo wa kamera kutoka hesi, na wakapanga hesabu ndio lenzi za zamani ziendelee kutumika: umbali kutoka mdomo hadi filamu ulitoka 28.8mm ukawa 27.8mm, tofauti ambayo pete ya 1mm inajaza kabisa. Pentax walipoacha M42 wakaleta mdomo wa K mwaka 1975, waliacha umbali ule ule wa 45.46mm na wakatengeneza pete yao wenyewe. Yaani wenye kiwanda walifikiria yule msee hana pesa ya kununua lenzi upya. Wewe wa kwa komenti unamcheka kwa nini?

Kwa hivyo ugomvi wangu si na adapta. Ni na watu wanaouza adapta kama uchawi ilhali ni hesabu ya darasa la nne. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali fulani kutoka kwa filamu, na kila mdomo wa kamera una umbali wake. Namba ya lenzi ikizidi ya kamera, pete inajaza hiyo nafasi. Zikiwa sawa, pete lazima izame ndani ya mdomo isiongeze hata unene wa karatasi. Ya lenzi ikiwa ndogo, umeumia.

M42 ni 45.46. Pentax K ni 45.46, kwa hivyo inawezekana, lakini chunga zile pete zenye ukingo unaobaki nje, zinasogeza lenzi mbele. Canon FD, kama AE-1, ni 42, nafasi iko. Nikon F ni 46.5. Hapo ndio watu wanaibiwa. Lenzi ya M42 kwa Nikon inakaa mbele karibu 1mm kuliko inavyotakiwa. Utasema 1mm ni nini? Kwa lenzi ya 50mm, hiyo 1mm inamaanisha chochote kilicho mbali zaidi ya kama mita mbili na nusu hakishiki. Utapiga sahani ya chapati vizuri sana. Mtaa, Ngong Hills, watu wa ng'ambo ya barabara, sahau. Kuna adapta zenye kioo ndani za kurekebisha hilo, lakini kioo cha bei rahisi mbele ya filamu kinalainisha picha, hasa lenzi ikiwa wazi. Umetafuta lenzi ya kitambo kwa sababu ya sura yake, halafu unaipaka mafuta.

Mtaniambia klipu ni sekunde 30, nani ana muda wa hesabu. Nimejaribu: "Namba ya lenzi isiwe chini ya ya kamera, na cheki kapini." Hata sekunde 10 haimalizi. Hatusemi kwa sababu "inaingia tu" inauza, na "inategemea" haiuzi. Tunalipwa na kutazamwa, nyinyi mnalipa na roli. Simu ukikosea unafuta. Filamu unajua umekosea wakati watu wameshaenda nyumbani, na wengine hawatarudi.

So, wewe unayeposti: weka hizo namba mbili na hako kapini, ama uwache. Na wewe unayenunua: usitume pesa kabla muuzaji akujibu hayo maswali. Akirudia "inaingia tu, bro," mjibu hata mguu unaingia kwa kiatu cha mtu mwingine. Swali ni utafika wapi nacho.