Nani Anasoma Mizani?

Muhula ulipokwisha, binti wa dada yangu alikuja kwangu na simu mkononi. Alitaka kuona matokeo ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nayo hayakufunguka. Mfumo ulimwambia awatathmini kwanza wahadhiri wake: masomo saba, kila somo na maswali yake, alama moja hadi tano. Akaanza kubonyeza nne, nne, nne, nne, kidole kikienda kama cha mama anayechambua dengu. Dakika mbili hazikufika. Matokeo yakafunguka, na ndani yake sapu moja, mtihani wa kurudia.

"Umeona, Mjomba? Hayo ndiyo maoni yangu."

Chuo chenyewe sikitaji. Vikijitambua vitano, shauri yao.

Ninachojua ni kwamba zile nne za dakika mbili zitajumlishwa, zitagawanywa, zitawekewa desimali na kuingizwa kwenye ripoti yenye jalada zuri. Mtu aliyevaa tai atasimama kuusomea mkutano kwamba wanafunzi wetu wanaridhika na ufundishaji. Hakuna atakayesema kwamba wanafunzi hao walikuwa wameshikiwa matokeo yao mateka. Mimi nakaa Shinyanga, mkoa unaojua sana habari ya kupimiwa, na kwa hiyo sitanyamaza.

Tukumbushane. Enzi za mkoloni, mkulima wa pamba wa Usukuma alibeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi wa jineri, akasimama upande wa pili wa mizani, asikoonekana mshale. Aliambiwa uzito, akapewa hela, akaondoka. Akilalamika aliulizwa: wewe unajua kusoma mizani? Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wakachoka. Wakatafuta vijana wao waliojua namba, wakawalipa, wakawasimamisha palepale kwenye vituo vya kununulia pamba ili wausome mshale kwa niaba yao. Kutoka kwenye ugomvi huo wa mizani vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kijana Paul Bomani alilipa sura na sauti. Watu wasiokuwa na cheti hata kimoja walielewa jambo ambalo maprofesa wetu bado linawapiga chenga: anayepimiwa lazima auone mshale.

Dhahabu ikatufundisha somo lilelile kwa mara ya pili. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, alikuwa akimaliza kuchoma zebaki, anaipeleka punje yake kwa mnunuzi wa kichochoroni, na mizani ya kichochoroni ina tabia zake. Mwezi Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita mjini, mizani ikawekwa hadharani, serikali ikiwa imesimama pembeni kwa ajili ya mrabaha wake. Nani hakufurahi? Hata wale waliokuwa wakiibiwa gramu kidogokidogo kwa miaka walijua sasa ni gramu ngapi walikuwa wakiibiwa.

Pamba ina mizani ya wazi. Dhahabu ina mizani ya wazi. Kilichobaki gizani ni kile kibanda ambako kijana anapeleka miaka mitatu au minne ya ujana wake, anasimama upande usio na mshale, na anaambiwa: GPA yako ni hii, nenda.

Nirudi kwa binti yetu, maana ile sapu ina historia.

Baba yake ni mchimbaji. Ameota ndevu akiwa ndani ya maduara, na anajua sauti ya matimba yanayotaka kukatika kabla hayajakatika. Binti anasomea mambo ya mazingira na usalama migodini, na siku moja darasani, katika somo lilelile la sapu, wakafika kwenye uokoaji. Slaidi zikaonyesha Chile, mwaka 2010: wachimbaji 33, siku 69 chini ya ardhi, kapsuli, marais, kamera za dunia nzima. Kisa kizuri, wala sikibezi. Binti akanyoosha mkono. Akauliza habari za Nyangalata.

Kwa asiyejua: Nyangalata iko Kahama. Oktoba 2015 duara liliporomoka, likawafukia wachimbaji wadogo. Ndugu wakalia, wakakata tamaa, wengine wakaweka matanga. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano wakaibuliwa wakiwa hai. Waliishi kwa wadudu, mizizi na maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Hawakuwa na kapsuli. Walioisikia sauti yao ni wachimbaji wenzao, si mtambo wa kutoka ng'ambo. Ukitaka kumfundisha kijana wa kanda hii juu ya hewa ardhini, matimba, sheria ya leseni ndogo, kwa nini uokoaji ulisitishwa na kwa nini ulianza tena, una kitabu kizima pale, na waandishi wake bado wanatembea mitaani.

Mhadhiri akamjibu kwamba hilo halimo kwenye deso, yaani karatasi zake za somo.

Na kabla hajamjibu hivyo alikuwa amemtaka arudie swali kwa Kiingereza, maana binti alikuwa ameuliza kwa Kiswahili. Darasa likacheka. Akarudia, akijikwaa, swali likatoka limekonda. Hapa ndipo napandwa na hasira kuliko popote. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari na baadaye vyuo vikuu. Serikali ikaweka pendekezo hilo kabatini, na hadi leo halijatekelezwa. Matokeo yake ni vijana wanaoijua dunia yao kwa lugha moja na kuijibia mtihani kwa lugha nyingine, na katikati ya lugha hizo mbili akili nyingi inamwagika kama dhahabu kwenye mwalo mbovu: inaondoka na maji, wewe unabaki na mchanga.

Mkiwauliza wanafunzi, kwa nia ya kusikia kweli, haya ndiyo watakayowaambia. Nimekaa nao kwenye magheto yao, vyumba vya kupanga vyenye godoro moja na ndoo mbili, mfuko wa michembe wa kutoka nyumbani ukiwa umening'inia ukutani. Hawasemi tunayodhani watasema. Wazee tunadhani watalalamikia bumu tu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Ni kweli bumu linasemwa, na lina haki ya kusemwa: shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, na linapochelewa chuo kizima kinajifunza kufunga bila Ramadhani wala Kwaresima. Lakini ukikaa hadi usiku wanasema mengine. Wanasema somo zima limefundishwa kwa karatasi zilizochapwa kabla wao hawajaanza darasa la kwanza. Wanasema karatasi ya mtihani ikishasahihishwa hawaioni tena. Wanasema kwenye fildi walitumwa kununua maandazi ya ofisi kwa wiki nane, kisha wakapewa A. Wasichana wanashusha sauti na kusema jambo jingine, ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kwa jina lake, na kwenye fomu ya moja hadi tano halina kisanduku.

Nani analipia yote haya? Mwanafunzi mwenyewe! Bodi ya Mikopo inakopesha, haitoi zawadi. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Asiyepata mkopo, baba yake anaswaga ng'ombe kwenda mnadani. Hata ng'ombe anapopelekwa mnadani, mwenye ng'ombe ana haki ya kukataa bei. Huyu anayenunua elimu kwa deni la miaka mingi hana haki ya kuiona hata karatasi yake.

Najua nitajibiwa kwa majengo. Mradi wa elimu ya juu wa HEET umekuja na dola milioni 425 za Benki ya Dunia, madarasa yanapanda, kampasi zinasogezwa mikoani. Vizuri. Jengeni. Lakini zege halina maoni. Nasi wa kanda hii tumezoea vitu vikubwa kupita juu ya vichwa vyetu. Almasi ya Mwadui inatoka ardhini tangu 1940, na ile ya waridi ya mwaka 1947, karati 54.5 kabla ya kuchongwa, ilikwenda moja kwa moja kwa binti mfalme wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Mwaka 2020 kampuni ya dhahabu ya Barrick ilipopatana na serikali, iliahidi hadi dola milioni 10 kwa miaka 10 kwa ajili ya mafunzo, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Kakola, lilipo geti la mgodi wake wa Bulyanhulu, hadi Mlimani, kilipo chuo hicho, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hata Kizumbi, kampasi yetu ya ushirika hapa Shinyanga, ni tawi la chuo chenye makao Moshi, ilhali pamba iliyoujenga ule ushirika mkubwa wa Victoria ililimwa huku. Simlaumu mtu wa Moshi. Nasema tu mshale uko mbali.

Wapo watakaosema: mkiwapa wanafunzi nguvu ya kupima, watampendelea mhadhiri anayegawa alama kama pipi. Inawezekana. Hata mkulima wa pamba alitamani gunia lake lizidi uzito, na wengine walitia mchanga ndani. Ndiyo maana mizani ilisimamiwa na watu wawili, wa mnunuzi na wa mkulima, kila mmoja akimchunga mwenzake. Leo chuoni anayesimamia ni mmoja, mhadhiri. Na huyo mmoja naye, nikiri, mara nyingi ni mtu aliyechoka, mwenye darasa la mamia, anayesahihisha usiku kwa macho mekundu na ambaye naye hakuna aliyemuuliza maoni yake. Namuonea huruma. Huruma hiyo hainifanyi niukubali mtindo wenyewe.

Nyinyi wanafunzi msipige makofi bado. Serikali zenu za wanafunzi zimegeuka kamati za sherehe. Mgombea anaahidi tamasha la kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, akishinda anapiga picha na mgeni rasmi, kisha anaanza kutafuta ukuu wa wilaya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walikosea mengi, hata wakabeba bango la kusema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere akawaka. Akawarudisha makwao karibu 400. Lakini tazama nini kilifuata: palepale akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi mitano baadaye ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea. Kelele za vijana, tena zenye makosa, zilimlazimisha rais kufikiri upya kwa sauti. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii dhidi ya nyongeza ya marupurupu ya wakubwa, wakatimuliwa tena. Nasema kitu kitakachowaudhi wengi: kutimuliwa nako ni kusikilizwa. Aliyekutimua amekusikia. Mfumo unaomeza nne zako zote ukasema asante haujakusikia.

Ninachodai hakihitaji dola milioni 425. Karatasi iliyosahihishwa irudi mikononi mwa aliyeiandika. Matokeo ya tathmini ya kila somo yabandikwe mahali ambapo aliyeyatoa anaweza kuyasoma, pamoja na maelezo ya nini kimebadilishwa. Na fomu ifunguliwe baada ya matokeo, si kabla, ili tujue nani ana la kusema wakati hana cha kunyang'anywa.

Muhula huu binti alirudi kwenye fomu ileile. Safari hii hakubonyeza nne tupu. Alisoma maswali, akatoa mbili alipoona mbili na tano alipoona tano, na ilimchukua karibu saa nzima kwa sababu mtandao wa huku kwetu nao una mambo yake. Mwishoni kulikuwa na kisanduku cha maoni mengine. Akaandika neno moja: Nyangalata. Akabonyeza kutuma.

Mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu kwamba herufi hazitoshi.