Safari Huanzia Mlangoni



Kati ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ulioko Kipawa, Dar es Salaam, na ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, pana umbali wa kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege huumaliza kwa dakika 20 hivi. Boti ya kasi hutumia kama saa mbili. Asikiaye hesabu hiyo huona kwamba mwenye haraka hana budi kupanda ndege. Lakini wahenga walinena kuwa kwenda mbio si kufika.

Hebu tuipime safari hiyo tangu mlangoni. Familia ikaayo Kariakoo yapaswa kwanza kwenda Kipawa, kilomita kumi na kitu, tena kwa barabara yenye msongamano usiojua miadi. Abiria hutakiwa kufika saa nzima au zaidi kabla ya ndege kuondoka, ili akaguliwe na mizigo yake ipimwe. Akishuka Unguja hungojea mizigo, kisha hutafuta gari la kumfikisha mjini. Dakika 20 zimekwisha kuwa karibu saa tatu. Msafiri wa boti naye hungoja, lakini bandari i katikati ya jiji, na akishuka Malindi yumo mjini tayari. Mara nyingi wawili hao hufika kwa kukaribiana.

Kwa nini? Ndege ya jeti ikiwa juu huweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 73 zingekwisha kwa dakika tano na nusu tu. Lakini katika safari fupi ndege hutembea kiwanjani, hupaa, na kabla ya kushika mwendo wake kamili huanza kushuka.

Sasa tuitazame Mwanza. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 850 hivi angani, karibu mara 12 ya Unguja. Hata hivyo ndege hufika kwa saa moja na nusu hivi, muda usiofikia mara tano. Kungoja uwanjani ni kule kule, bali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi hula siku nzima, pengine na usiku wake. Hapo nauli ya ndege hununua siku kamili.

Kwa mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya siku chache kwenda kumwuguza mzazi, au kuwahi maziko, siku hiyo haina bei. Basi, ndugu msomaji, kama mfuko wa nyumba hauruhusu kupanda ndege mara kwa mara, mpumzike Unguja kwa boti, na nauli ya ndege iwekwe akiba. Siku simu ya dharura itakapotoka Mwanza, fedha hiyo itakuwa na kazi.