Umeme Jua wa Kishapu: Wati Pekee Hazitoshi, Taa Zipimwe Mwanga Unakoelekea

Mradi wa umeme jua wa megawati 150 wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) katika Kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, umejadiliwa zaidi kwa upande wa uzalishaji. Mkataba wa awamu ya kwanza, yenye megawati 50, ulisainiwa Mei 2023 na kampuni ya Sinohydro ya China, fedha zikiwa ni mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD). Suala ambalo halijapata nafasi ya kutosha ni matumizi ya umeme huo, na hasa taa. Umeme wa Ngunga ni wa kuingia Gridi ya Taifa, na sehemu ya umeme wa Gridi huishia kwenye nguzo za taa katika miji midogo kama Mhunze na Maganzo.

Mnunuzi wa taa, awe mwananchi au halmashauri, huangalia wati. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa. Lumeni, ambazo nazo huandikwa kwenye boksi, hueleza jumla ya mwanga unaotoka. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoeleza mwanga huo unaelekea wapi.

Kazi hiyo hufanywa na chombo kiitwacho goniofotomita. Taa huwashwa katika chumba cha giza chenye kuta nyeusi na kuachwa hadi mwanga wake utulie, kisha kitambuzi husoma ukali wa mwanga, kwa kipimo cha kandela, katika kila pembe. Baadhi ya mitambo huizungusha taa yenyewe. Mingine huiacha taa katika mkao wake wa kawaida na kuzungusha kioo kikubwa kuizunguka, kwa kuwa taa ikigeuzwa joto lake hubadilika na mwanga wake pia. Matokeo yake ni jedwali la pembe na kandela, ambalo mhandisi huliingiza kwenye programu ya kusanifu barabara kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Umuhimu wa jedwali hilo unaonekana kwa hesabu rahisi. Nguzo ikiwa na urefu wa mita 8, mwanga unaofika barabarani mita 15 kutoka chini ya nguzo husafiri mita 17, tena huangukia ardhi kwa mshazari. Ili sehemu hiyo ipate mwanga sawa na wa chini ya nguzo, taa lazima itupe upande huo ukali unaokaribia mara 10 ya ule inaoutupa chini moja kwa moja. Taa isiyosanifiwa hivyo, hata ikiwa na wati nyingi, huacha duara jeupe chini ya nguzo na giza katikati ya nguzo mbili. Mwendesha bodaboda anayetoka kwenye duara hilo hupofuka kwa muda, na mtembea kwa miguu aliye gizani haonekani. Bili ya umeme hailipunguzi giza hilo.

Afrika Mashariki si ngeni katika upimaji huu. Programu ya Lighting Africa ya Benki ya Dunia na IFC ilipoanza kukagua taa ndogo za sola, mtawanyiko wa mwanga ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na maabara iliyoshiriki kazi hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba taa ya mezani ya mwanafunzi wa kijijini ilipimwa pembe zake, ilhali taa ya barabarani bado hununuliwa kwa kutajwa wati.

Njia ya kurekebisha hali hiyo ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa kielektroniki wa NeST huzitaka taasisi kueleza mahitaji yao ya kiufundi kwenye zabuni. Halmashauri haina haja ya kumiliki goniofotomita. Inatosha idai ripoti ya kipimo kutoka maabara yenye ithibati, pamoja na usanifu wa barabara husika uliofanywa kwa ripoti hiyo. Kipimo hufanywa kwa kila aina ya taa, si kwa kila taa, hivyo gharama yake hugawanyika kwa maelfu ya taa zinazouzwa. La kukaguliwa kwa makini wakati wa kupokea mzigo ni kama namba ya aina iliyoandikwa kwenye ripoti ndiyo iliyo kwenye taa zilizoshushwa.