Mifano Mitano Si Uthibitisho

Aghalabu mwanafunzi wa hisabati huiamini kanuni pindi inapokubali mifano mitatu au minne. Mazoea hayo hayana budi kukomeshwa, na namba 4,294,967,297 yafaa sana kwa kazi hiyo.

Mnamo mwaka 1640, Pierre de Fermat wa Ufaransa alizichunguza namba zipatikanazo kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni namba tasa. Fermat akaamini kuwa zifuatazo ni tasa vilevile. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ya sita, ambayo ni 4,294,967,297, ni zao la 641 na 6,700,417.

Baadaye Euler alithibitisha jambo linalorahisisha kazi: kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, huacha baki ya 1. Basi hadi kufikia 641 namba za kujaribu ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Darasa la sekondari laweza kuzijaribu zote kwa kalamu na karatasi.

Wapo watakaosema kuwa kikokotoo hufanya hayo mara moja. Ni kweli, lakini kikokotoo hutoa jibu tu. Mwanafunzi aliyegawanya kwa mkono wake, akafikia baki ya sifuri, hataisadiki tena kanuni kwa sababu tu imenenwa na mtu mashuhuri.