Mbwa mgonjwa asiye na bwana: dawa bila nyumba haitoshi

KONI (Likasi) – Kila mkaaji wa Koni, wa Panda ao wa Kikula amekwisha kuona mbwa wa namna hii. Manyoya yameanguka, ngozi imekuwa ngumu, anajikuna mpaka damu inatoka. Ao anatembea kwa miguu mitatu tangu pikipiki ilimugonga. Bwana wake hajulikani. Watoto wanamtupia mawe. Mwenye huruma anamtupia bukari iliyobaki, kisha anapita.

Koni ni centre ya kazi. Centrale ya umeme iliyo kwenye mto Lufira inafanya kazi tangu mwaka 1950. Mahali kama pale watu wanakuja na kazi, na wanaondoka na kazi. Familia ikihamishwa inabeba vitanda, masufuria na kuku. Mara nyingi mbwa anabaki ku lupango, na bwana mpya wa nyumba hamjui.

Mu miji mikubwa ya dunia, mbwa kama huyo anasaidiwa kwa njia mbili zinazotembea pamoja: familia moja inamlea kwa muda, na watu wengine wanatoa makuta ya dawa. Je, mpango huo unaweza kufanya kazi ku Koni na Likasi, pahali ambapo hata mtu mgonjwa anakosa pesa ya lopitali? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Na sharti la kwanza si makuta.

Kwa nini kulala ni nusu ya dawa

Angalia magonjwa yanayoonekana zaidi ku barabara.

Upele wa mbwa unaletwa na vidudu vidogo vinavyochimba ngozi. Unapona, lakini dawa inarudiliwa kwa majuma kadhaa. Kuna watu wanaopaka mbwa mafuta ya moteri yaliyotumika. Hayo ni sumu: mbwa anajilamba na kuyameza. Wengine wanatumia ivermectine ya ng'ombe bila kupima. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mbwa. Ni veterineri njo anapima uzito na kutoa kipimo.

Kuna pia uvimbe unaotoka damu ku sehemu za uzazi, ambao mbwa wanaambukizana wakati wanapandana. Wengi wanafikiri mbwa huyo amekwisha. Kumbe ni moja ya kansa zinazopona vizuri: sindano ya vincristine mara moja kwa juma, kwa kawaida majuma manne mpaka sita. Dawa hiyo ni kali, inatolewa na veterineri peke yake.

Na mbwa aliyevunjika mguu? Hata mfupa ukiungwa vizuri, anaomba kukaa pahali padogo, bila kukimbia, kwa majuma sita ao zaidi.

Sasa mtu anaweza kuelewa shida iko wapi. Mbwa wa barabara akipata sindano leo, juma lijalo nani atamtafuta? Atakuwa mu kartié nyingine, ao amejificha chini ya gari bovu. Sindano ya kwanza imepotea, makuta yamepotea. Ndiyo maana, kabla ya kuomba mchango wowote, kikundi kinapaswa kujibu swali moja: mbwa atalala wapi mpaka siku ya mwisho ya dawa?

Nyumba inayolea haiombi kuwa na utajiri. Inaomba lupango iliyofungwa, kivuli, maji safi, kamba ndefu na mtu mmoja mkubwa anayekuwa pale kila siku. Inaomba pia kumtenga mgeni na mbwa wengine kwa majuma mawili ya kwanza, sababu magonjwa ya kuhara na ya kifua yanapita upesi.

Wazi, hatari ya kichaa

Hapa huruma peke yake inaweza kuua. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu watu karibu 59,000 wanaokufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi katika Afrika na Asia. Karibu visa vyote vinatoka kwa kuumwa na mbwa, na karibu 4 kwa 10 wa wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa anayetoa povu, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika sauti, anayeuma kila kitu ao anayelegea bila sababu hapaswi kuingia mu lupango ya mtu. Usimguse. Ita huduma ya serikali ya mifugo. Mbwa anayeonekana mzima pia anaweza kuwa na ugonjwa ndani kabla dalili hazijatoka, na chanjo ya leo haifuti ugonjwa uliokwisha kuingia. Kwa hiyo mbwa asiyejulikana anakaa mbali na watoto, anachanjwa mapema, na anayemhudumia ni mtu mkubwa.

Mtu akiumwa ao akikwaruzwa, aoshe kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende ku lopitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

"Watoto wanakosa dawa, na nyinyi mnazungumza mbwa?"

Neno hilo linasemwa, na lina uzito. Lakini angalia hesabu. Mtu aliyeumwa anaomba sindano zaidi ya moja, kwa siku mbalimbali, na safari za kwenda na kurudi. Mbwa anaomba chanjo moja, kisha kurudilia kwa wakati. OMS inasema kwamba kama mbwa 70 kwa 100 wa eneo wamechanjwa, ugonjwa unaweza kukatika. Kuua mbwa hakujaleta matokeo hayo: wengine wanakuja kuchukua nafasi, bila chanjo. Upele pia unaweza kupita kwa mtoto anayecheza na mbwa na kumwasha. Basi mbwa aliyetibiwa, aliyechanjwa na kufungwa uzazi ni ulinzi wa kartié nzima.

Mifano haiko mbali. Ku Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa Comfort Dog wa shirika BIG FIX Uganda unachukua mbwa waliotupwa, unawatibu na kuwafundisha, kisha unawapa watu waliobaki na majeraha ya moyo kutokana na vita vya LRA. Wakaaji wa mashariki ya Congo wanajua majeraha hayo.

Karibu zaidi, ku Lubumbashi, makimbilio ya sokwe J.A.C.K. yanalea tangu mwaka 2006 watoto wa sokwe walionyang'anywa wawindaji, kwa msaada wa wenye kutoa michango. Mu mwezi wa tisa 2022, watu waliingia usiku, wakaiba sokwe watatu wadogo na kudai makuta ili wawarudishe. Funzo kwa kila kikundi: usitangaze mnyama analala kwa nani wala sanduku la pesa liko wapi.

Likelemba ya mbwa

Namna ya kukusanya makuta haiombi kuletwa kutoka Ulaya. Wamama wa Likasi wanajua likelemba. Nyumba kumi zikikubaliana kutoa kidogo kila mwezi, moja inatoa kivuli, zingine tisa zinalipa. Anayelea asilipe tena chakula na dawa. Kama sivyo, mwezi wa pili atachoka na mbwa atarudi barabarani.

Masharti ni machache. Makuta yatumwe moja kwa moja kwa veterineri, hata kwa M-Pesa ao Airtel Money, si kupitia mfuko wa mtu. Risiti ionyeshwe kwa wote. Bei na idadi ya sindano ijulikane mbele ya kuanza. Na tangu siku ya kwanza ijulikane ni nani atamkubali mbwa akipona. Kama veterineri anaona hakuna kupona, wakubali kumalizia mateso yake kwa sindano, si kwa fimbo.

Likasi haiko mbali na elimu hii: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulte ya uganga wa wanyama. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani inaangukia tarehe 28 mwezi wa tisa kila mwaka. Wakaaji wa Koni wanaweza kuomba siku hiyo ianze kwa chanjo ku kambi yao. Mbele ya hapo, nyumba kumi zinaweza kukaa chini ya muti mmoja na kuulizana: lupango ya nani iko na lango linalofunga?