Maneno ya Kazi: Mashine ya kupachika

Toleo lililopita safu hii ilikuwa kwa fundi cherehani. Safari hii tunashuka majini.

Mnaikumbuka boti ya alumini ambayo jirani mmoja mzee alikipa chama chetu msimu wa baridi, pamoja na mashine yake, Evinrude ya farasi 6 ya miaka ya 1970. Katika mkutano wa Februari, Ziwa Mendota likiwa bado barafu tupu, mweka hazina aliuliza nani anaweza kuifunga mashine ile. Nilinyoosha mkono. Nikasema mimi mtoto wa Pemba, baba yangu mvuvi, mashine ya boti hainishindi. Nikakabidhiwa dola 150 za chama. Nilichokificha ni kwamba boti zote nilizopanda nyumbani nilipanda kama abiria.

Tuanze na jina. Wavuvi wa kwetu husema "mashine" tu, na kila mtu anaelewa. Maafisa wa uvuvi husema "mashine ya kupachika", na jina hilo linafaa, maana kitu chenyewe hakimo ndani ya chombo. Kimetundikwa tezi, yaani nyuma, kwa vibano viwili vya skrubu. Na kilichopachikwa kinaweza kupachuka.

Hilo nilifundishwa na mjomba wangu kwa simu, hata kabla sijafungua sanduku la spana.

"Shikamoo mjomba. Nimepewa mashine niifunge."

"Marahaba mwanangu. Ubao wa tezi umeutazama?"

"Mashine yenyewe nzuri, mjomba, inang'aa."

"Sikuuliza mashine. Nimeuliza ubao."

Mjomba aliwahi kuwa na farasi 15, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka minne. Alfajiri moja kwenye mkondo wa Pemba, bahari imechafuka kidogo tu, kibano kimoja kililegea. Mashine ikaruka, ikapinda, ikazama ikiwa bado inanguruma. Alirudi kwa kasia na tanga la kuazima. Deni lilikuwa limebaki miezi mitano, naye akalilipa lote kwa mashine iliyoko chini ya bahari. Hakuvua tena kwa chombo chake mwenyewe. Kisa hiki nyumbani hakisimuliwi. Alinisimulia kwa mara ya kwanza siku ile, nadhani kwa sababu aliniona nimo hatarini.

Basi nikachukua bisibisi nikauchoma ubao wa tezi. Boti yetu ni ya alumini, lakini ndani ya tezi mna ubao ambao vibano huuma. Bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Lau tungefunga mashine siku ile, ingeondoka na ubao. Tulikata ubao mpya wa tabaka, tukaupaka rangi ya kuzuia maji pande zote na kingo zake, tukaufunga kwa bolti. Vibano tulivikaza kwa mkono hadi mwisho. Kisha tukafunga mnyororo kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ya boti. Mnyororo huo ni wa mjomba, japo tumeununua hapa Madison.

Jambo la pili ni urefu wa mguu. Mashine za mguu mfupi zimetengenezwa kwa tezi ya inchi 15, kama sentimita 38. Za mguu mrefu ni inchi 20, kama sentimita 51. Juu ya propela kuna bamba pana lililolala. Bamba hilo liwe sawa na chini ya boti, au chini yake kidogo tu. Likikaa juu mno, propela huvuta hewa. Mashine inalia kwa nguvu na boti haiendi. Likikaa chini mno, mguu unaburura maji. Yule mzee alikuwa ameongeza kipande cha mbao juu ya tezi, sijui kwa nini. Tulikiondoa, bamba likakaa mahali pake.

Tatu, mafuta. Mashine hii ni ya mipigo miwili, haina oili yake ya ndani kama gari. Oili huchanganywa na petroli. Yetu inataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili ya mashine za boti: lita 10 kwa mililita 200. Ukipunguza oili unaua pistoni, ukizidisha unajaza plagi masizi na ziwa moshi. Mashine za kale zaidi hutaka oili nyingi zaidi, kwa hiyo soma kitabu chake, usifuate mazoea ya jirani. Petroli iliyolala tangini tangu mwaka juzi tuliitoa yote. Petroli ya hapa mara nyingi ina ethanoli, nayo hunyonya maji na kuharibu mipira ya zamani. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, tukanunua mwingine.

Nne, na hapa ndipo nilipoaibika. Baada ya kuweka plagi mpya nilitaka kuvuta kamba palepale uani, wenzangu wasikie sauti. Nilimpigia mjomba kwa video ili aone.

"Usivute! Maji yako wapi?"

Mashine hii hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe. Ndani ya mguu kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinachoyavuta maji na kuyapandisha juu. Ikizunguka pakavu huungua kwa muda mfupi, na mashine hufuata. Tukaleta pipa, tukajaza maji, tukazamisha mguu. Nikavuta mara tisa. Ya kumi ikaitika. Watu wakapiga makofi. Mjomba hakupiga.

"Naona moshi. Maji yanatoka wapi?"

Mashine nyingi za sasa zina kitundu kinachotema maji pembeni. Baadhi ya za zamani hazina. Maji hutoka kama manyunyu nyuma ya mguu. Yetu haikutoa hata tone. Nikazima. Tulipofungua mguu tulikuta impela imekauka, mabawa yote yamelala upande mmoja kama mihogo iliyosahaulika juani. Miaka ya kukaa bila kazi ndiyo iliyoiua. Impela mpya ilinigharimu Jumamosi nzima ya kuirudisha, na dola za chama zikabaki 11. Tulipowasha tena, manyunyu yalinilowesha viatu. Mjomba akasema, "Haya sasa," akakata simu.

Wengi hawajui kwamba mashine hii imerudi kwao. Ole Evinrude alizaliwa Norway, akakulia hapahapa Wisconsin, na mwaka 1909 alianza kuuza mashine zake Milwaukee, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka tulipo. Jina hilo lilikoma kutengenezwa mwaka 2020.

Mei 10 tuliingia majini, boti imeshasajiliwa jimboni, kila mtu amevaa boya lake. Mara ya kwanza omo ilinyanyuka kama farasi aliyeshtuka, kwa kuwa watatu tulikuwa tumekaa nyuma na mguu umeinuliwa mno. Tukasogeza pini ya mwinamo tundu moja kuelekea tezi, na Mwalimu akahamia mbele na chupa yake ya chai. Boti ikalala juu ya maji. Mashine yetu haina kamba ya kuizima mwendeshaji akianguka, kwa hiyo sheria ya chama ni hii: anayeshika mpini hasimami, wala hauachii. Anayetaka picha aombe mwingine ampige.

Nilimtumia mjomba video. Alijibu saa nane baadaye, maneno mawili: "Mnyororo sijauona." Nikampigia picha ya mnyororo.

Sasa zamu yenu. Kamusi inatupa "rafadha", lakini mjomba husema propela, na neno la kamusi hajawahi kulisikia. Lamu wanaiitaje? Kigoma? Wenzetu ambao wazee wao wako Sur? Nileteeni kabla ya toleo lijalo, pamoja na jina la ile bamba pana, ambalo mimi na mjomba tumelikosa. Na anayetaka kujifunza kuwasha, Jumamosi saa nne asubuhi, penye pipa.